Hezekia na Mji wa Lakishi



Tukilitaja jina la mfalme Hezekia, karibu kila mtu kanisani anajua tunaelekea wapi. Barua itakunjuliwa mbele za Bwana, malaika atapita usiku, na asubuhi Waashuri 185,000 watakuwa maiti kambini. Nimelihubiri neno hilo na nitalihubiri tena. Lakini hebu fungua 2 Wafalme 18 usome polepole. Kabla hujafika kwa barua na malaika, utakutana na jina la mji mwingine, na litarudi tena na tena: Lakishi. Mfalme wa Ashuru yuko Lakishi. Hezekia anatuma watu Lakishi. Jeshi linatoka Lakishi kuja Yerusalemu. Kwani huko Lakishi kulikuwa na nini? Wiki hii nataka tuyaangalie maisha ya Hezekia tukiwa upande huo wa nchi.

Lakishi ulikuwa mji wenye boma katika Shefela, ile nchi ya vilima kati ya milima ya Yuda na tambarare ya Wafilisti, kilomita kama 40 kusini-magharibi mwa Yerusalemu. Yoshua aliuteka kwa siku mbili (Yoshua 10:31-32). Rehoboamu mwana wa Sulemani aliujengea ngome, akaweka ndani akiba ya chakula, mafuta na divai (2 Mambo ya Nyakati 11). Mfalme Amazia alipofanyiwa njama Yerusalemu alikimbilia huko, akafuatwa, akauawa huko huko. Kufikia siku za Hezekia ulikuwa mji wa pili wa Yuda baada ya Yerusalemu. Ulikaa juu ya kilima, ekari kama 30, na kuta mbili, ya juu ikiwa na unene wa mita 6. Unaingia lango la kwanza, unapinda kona, halafu unapita lango la pili lenye vyumba sita. Ndani kuna jumba kubwa la serikali na kisima cha kwenda chini mita 44. Ukiwa mkulima wa vijiji vya karibu na ukasikia vita vinakuja, hapo ndipo ungekimbizia watoto na mbuzi.

Hezekia mwenyewe alizaliwa Yerusalemu, katika nyumba ya kifalme iliyokuwa imeharibika. Baba yake, Ahazi, aliwapitisha watoto wake motoni kama mataifa walivyofanya. Alichota fedha na dhahabu ya hekalu akamtumia mfalme wa Ashuru ili amsaidie dhidi ya majirani, na mwishowe akaifunga milango ya nyumba ya Bwana. Kijana alikua akiyaona hayo yote. Alipopata ufalme alikuwa na miaka 25, umri wa vijana wetu wengi ambao bado tunawaambia wangoje wakubwa wamalize. Yeye hakungoja. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza alifungua ile milango, akaita makuhani na Walawi, na kwa siku 16 wakatoa uchafu. Akatuma matarishi hadi makabila ya kaskazini kuwaalika Pasaka. Wengine wakawacheka, wengine wakaja. Akaivunja hata ile nyoka ya shaba ya Musa, maanake watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba.

Matengenezo hayo hayakuishia Yerusalemu. Mwaka 2016 wachimbaji waliokuwa wakifukua lango la Lakishi walitangaza kwamba katika chumba kimoja walikuta mahali pa ibada, madhabahu mbili ndogo zimekatwa pembe, na karibu nao jiwe la choo. Ndiyo, choo. Waliona humo mkono wa Hezekia: mahali hapo palinajisiwa makusudi ili mtu asirudi kuabudu tena, kama Yehu alivyoifanya nyumba ya Baali huko Samaria. Kwa hivyo weka hili akilini. Watu wa Lakishi walimwona mfalme wao akifika mpaka langoni kwao na kuwavunjia madhabahu waliyozoea tangu babu zao. Waliambiwa Bwana ataabudiwa Yerusalemu, si hapa. Nao waliendelea kuwa watu wa mfalme huyo.

Mimi nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo mtanivumilia: nikisoma kitabu cha Wafalme macho yangu huenda kwa pesa. Yuda wakati huo ilikuwa inalipa kodi kwa Ashuru kila mwaka, deni alilolianzisha Ahazi. Hezekia alikuwa ameona jirani zake wa kaskazini wakikataa kulipa. Samaria ilizingirwa miaka mitatu na kuanguka mwaka 722 K.K., watu wakahamishwa. Halafu mwaka 705 K.K. mfalme Sargoni wa Ashuru akauawa vitani, na himaya yote ikatikisika. Mwanawe Senakeribu akakalia kiti, na wafalme wadogo kila pembe wakaona nafasi imepatikana. Hezekia akaacha kulipa.

Hapa kuna jambo ambalo wahubiri tunalipita haraka. Isaya, aliyekuwa nabii wa karibu kabisa na mfalme, alizipinga waziwazi mbio za kutafuta farasi na msaada Misri (Isaya 30 na 31). Na kulikuwa na nabii mwingine, Mika, ambaye hakuwa mtu wa mji mkuu. Alitoka Moreshethi, kijiji cha Shefela, jirani wa Lakishi. Mika aliitaja Lakishi kwa jina na magari yake ya vita, akasema dhambi ya Sayuni ilianzia huko (Mika 1:13). Naelewa hivi: kule ndiko silaha zilikopangwa, na watu wakaanza kuziegemea. Lakini Mika huyo huyo aliitamkia Yerusalemu maneno mabaya zaidi, kwamba italimwa kama shamba. Yeremia 26 inatuambia Hezekia alipolisikia neno hilo alimcha Bwana na kumwomba, na Bwana akaghairi. Shika hilo pia, tutalirudia.

Hezekia alijiandaa, na maandalizi yake bado yanaonekana kwa macho. Alichimba mfereji chini ya mwamba kutoka chemchemi ya Gihoni hadi ndani ya mji, mita 533. Mafundi walianza pande mbili wakakutana katikati. Maandishi waliyoyaacha ukutani yalipatikana mwaka 1880. Alijenga pia ukuta mpya Yerusalemu wenye unene wa mita 7 hivi, na ulipofukuliwa miaka ya 1970 ilionekana ulipita juu ya nyumba za watu zilizobomolewa. Isaya 22 inazungumzia jambo hilo hilo: nyumba zilihesabiwa, zikabomolewa ili ukuta uimarishwe, maji yakakusanywa, na wakasahau kumtazama aliyeyafanya hayo yote tangu kale. Sidhani nabii alikuwa anakataza mipango. Hata hivyo nawaza yule mama aliyeambiwa aondoke nyumbani kwake kwa sababu ukuta unapita hapo. Usalama wa taifa ulikuwa na bei, na walioilipa kwanza hawakuwa wakubwa.

Na Lakishi je? Haikusahauliwa. Wachimbaji wamepata huko mamia ya mikono ya mitungi iliyopigwa muhuri unaosema mali hiyo ni ya mfalme. Hakuna mahali pengine katika Yuda palipotoa mingi hivyo. Mtungi mmoja ulibeba kama lita 45, za divai ama mafuta. Maana yake serikali ilijaza ghala za Lakishi kwa vita. Mfalme aliuwekea mji huu matumaini yake, na mji ukamwekea mfalme yake.

Senakeribu alikuja mwaka 701 K.K., mwaka wa 14 wa Hezekia. Alishuka kupitia pwani, Sidoni, Ashkeloni, Ekroni, kisha akaingia Yuda. Katika kumbukumbu zake mwenyewe, zilizoandikwa kwa udongo na kupatikana Ninawi, anajisifu kwamba alitwaa miji 46 ya Hezekia yenye maboma na vijiji visivyohesabika, na kuhamisha watu 200,150. Wafalme wa Ashuru walipenda kutia chumvi kwenye hesabu. Ukiipunguza hata kwa nusu, bado ni nchi iliyovuliwa nguo.

Lakishi ilimchukua kazi. Kwenye kona ya kusini-magharibi jeshi lake lilirundika mawe hadi likapata mteremko wa kupandishia magari ya kubomolea ukuta. Rundo hilo lipo mpaka leo, maelfu ya tani, na hakuna aliyeyabeba kwa mashine. Waliokuwa ndani hawakukaa wakitazama. Walijenga tuta lao la udongo kwa ndani ili ukuta ukibomoka pawe na mwingine nyuma yake. Walirusha mienge juu ya magari ya adui. Mamia ya ncha za mishale na mawe ya teo yamepatikana pale, pamoja na kipande cha mnyororo wa chuma ambacho huenda kiliteremshwa kutoka juu kuyanasa magogo ya kubomolea. Watu walipigana kwa akili na kwa kila kitu walichokuwa nacho. Mji ukaanguka na kuteketezwa.

Senakeribu aliupenda ushindi huo kiasi kwamba aliuchonga kwenye kuta za chumba kizima cha jumba lake Ninawi. Michongo hiyo ilifukuliwa na Mwingereza Layard katika miaka ya 1840, na sasa iko katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Mfalme amekaa kwenye kiti chake. Mbele yake wanaume wanasujudu. Wengine wametundikwa kwenye miti nje ya ukuta, wengine wanachunwa ngozi. Halafu kuna familia zinatoka langoni: mkokoteni wa ng'ombe, mizigo, kina mama, watoto wamekaa juu ya mizigo. Nimeitazama picha ya mkokoteni huo mara nyingi. Mchongaji alitaka kuonyesha mateka, lakini mtu yeyote aliyewahi kuhama usiku na godoro atawatambua wale watu. Katika mapango karibu na mji, wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta mifupa ya watu wapatao 1,500 wamerundikwa pamoja, wakiwemo wanawake na watoto, na wengi huihusisha na vita hivyo.

Ni kwa mfalme aliyekuwa kambini Lakishi ndiko Hezekia alikotuma ujumbe wa kukiri kosa na kukubali kulipa chochote. Bei ilikuwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Talanta moja ilikuwa kama kilo 30, kwa hivyo piga hesabu: tani 9 za fedha, na karibu tani moja ya dhahabu. Hazina haikutosha. Akabandua dhahabu kwenye milango na nguzo za hekalu, dhahabu aliyoibandika yeye mwenyewe. Milango ile ile aliyoifungua mwaka wa kwanza! Baba yake alikuwa amelivua hekalu kwa ajili ya Ashuru, na sasa mwana amefanya vivyo hivyo. Andiko halimfichi, na halitoi maelezo. Linaandika kiasi na kuendelea.

Na malipo hayakununua kitu. Amiri wa Ashuru, yule ambaye Biblia nyingine humwita Rabshake, alitoka Lakishi na jeshi zito akasimama nje ya Yerusalemu. Maofisa wa Hezekia walimwomba azungumze Kiaramu ili watu waliokuwa ukutani wasielewe. Akapaza sauti kwa Kiyahudi makusudi. Alijua lugha yao na alijua habari zao. Aliwauliza watamtegemeaje Bwana wakati Hezekia ndiye aliyemvunjia Bwana madhabahu zake. Fikiria neno hilo lilivyosikika kwa mtu aliyetoroka kutoka Lakishi. Madhabahu ya langoni yalivunjwa kweli. Na mji umeungua kweli. Shetani hahitaji uongo mwingi. Mara nyingi anachukua mambo mawili ya kweli na kuyaunganisha vibaya.

Watu walinyamaza, maanake mfalme alikuwa ameagiza wasijibu. Hezekia akararua mavazi, akaingia hekaluni. Wakati huo habari zikaja kwamba Tirhaka wa Kushi anatoka kupigana. Kushi ni upande wa Sudan ya leo, kwa hivyo Waafrika wenzetu walikuwa katika vita hivi. Senakeribu akaandika barua ya vitisho, Hezekia akaikunjua mbele za Bwana na kuomba. Sehemu hii mnaijua. Safari hii hakuwa na fedha ya kutuma wala mji wa kumlinda upande wa bahari. Malaika wa Bwana akapita. Senakeribu akarudi Ninawi, na miaka 20 baadaye, mwaka 681 K.K., akauawa na wanawe. Katika majivuno yake yote kuhusu Yuda anasema alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni, lakini hakuna mahali anaposema aliingia. Mfalme ambaye angechonga mji mkuu ukutani alichonga Lakishi.

Sasa lile swali. Wako kati yetu waliofunga na kuomba, na mgonjwa akaondoka. Wako waliokunjua barua ya benki mbele za Bwana, na shamba likauzwa. Halafu Jumapili inayofuata wanasikia ushuhuda wa jirani aliyeokolewa na jambo kama hilo hilo, na mtu anawanong'oneza kwamba pengine imani yao ilikuwa na kasoro. Je, Lakishi walikosa imani? Sioni Biblia ikisema hivyo. Kama ni dhambi, Mika aliitaja ya Lakishi lakini aliilaumu Yerusalemu kuliko, na Yerusalemu ndiyo iliyopona. Mfalme aliyeghairiwa aliomba, ni kweli. Lakini nani atasimama aniambie kwamba ndani ya kuta zile, siku tuta la mawe lilipokuwa linapanda, hakuna mama aliyeomba? Na sifa ya Hezekia kwamba hakuna mfalme wa Yuda aliyemtumaini Bwana kama yeye imeandikwa katika sura ile ile inayosema miji yake yote yenye maboma ilitwaliwa. Mwandishi hakuona haya kuyaweka pamoja.

Ule mfereji wa Hezekia unaishia kwenye birika la Siloamu. Miaka 700 baadaye, hapo hapo Siloamu mnara ulianguka ukaua watu 18, na Bwana wetu Yesu alikataa kabisa wazo kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Aliwageuzia waliobaki hai neno la toba. Kwa hivyo ukimkuta mtu wa Lakishi kanisani kwetu, usimpe somo. Kaa naye.

Hezekia aliugua pia siku hizo, jipu la kufisha, akalia akielekea ukutani, na Isaya akarudi na habari ya miaka 15 zaidi na dawa ya mkate wa tini. Ukisoma 2 Wafalme 20:6 utaona ahadi ya kuokolewa kutoka kwa Ashuru bado iko mbele, kwa hivyo ugonjwa huu ulitangulia ukombozi ingawa umeandikwa baadaye. Ndiyo maana wajumbe wa Babeli walipokuja kumjulia hali alikuwa bado na hazina ya kuwaonyesha, fedha, dhahabu, manukato, silaha, vyote. Yeyote aliyewahi kufanya biashara anajua humfungulii mgeni vitabu vyako siku ya kwanza. Isaya alimwambia vitu hivyo vitabebwa kwenda Babeli siku moja, pamoja na baadhi ya wazao wake. Jibu la Hezekia hunisumbua. Aliridhika kwamba siku zake yeye zitakuwa na amani. Mtu aliyelia kwa ajili ya maisha yake hakulia kwa ajili ya wajukuu. Tuna viongozi wa namna hiyo hata leo, wengine wazuri tu, wanaopima mambo kwa muhula wao.

Alitawala miaka 29. Alipokufa Yuda yote na wenyeji wa Yerusalemu walimheshimu, wakamzika mahali pa juu kati ya makaburi ya wana wa Daudi. Manase, aliyezaliwa ndani ya ile miaka 15, alipokea ufalme akiwa na miaka 12 na kuyajenga upya yote baba yake aliyoyabomoa.

Lakishi nayo ilijengwa tena baada ya muda, ndogo kuliko kwanza. Babeli ilipokuja, Yeremia 34:7 inasema ilikuwa moja ya miji miwili ya mwisho yenye boma iliyokuwa bado imesimama nje ya Yerusalemu, yenyewe na Azeka. Ikachomwa mara ya pili. Barua za askari wa siku hizo, zilizoandikwa kwa wino juu ya vigae, zilipatikana kwenye majivu ya lango mwaka 1935. Na ukifika Nehemia 11, kwenye ile orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka, mstari wa 30, utawaona watu wa Yuda waliorudi kutoka uhamishoni wakipewa mahali pa kukaa. Wengine walienda Lakishi na mashamba yake.